Ukiuziwa asilimia ya ushindi, uliza kwanza mechi ngapi

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mchele, maharage, saruji na dola. Wiki hii tunaomba tuzungumzie bidhaa nyingine, ambayo haina gunia, haina lebo na wala haipandishwi kwenye mizani, lakini inauzwa kila siku na wanunuzi wake ni wengi. Bidhaa hiyo ni asilimia ya ushindi.

Kocha anayetafuta kazi anakuja na asilimia yake. Anayeuza mikeka ya mpira kwenye simu anatangaza kwamba yeye hupatia kwa asilimia 90. Kijana anayefundisha watu kununua na kuuza fedha za kigeni kwa kompyuta naye ana yake, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya kocha. Miongoni mwa wanunuzi wamo wafanyabiashara wadogo wadogo ambao fedha wanayoiweka kwenye mkeka ndiyo hiyo hiyo ya kuzungusha dukani. Maoni yetu ni kwamba namba hiyo, ikija peke yake, haifai kununuliwa hata kwa bei ya kutupa.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua idadi ya mechi ulizoshinda, gawanya kwa idadi ya mechi zote ulizocheza, kisha zidisha kwa 100. Timu iliyoshinda mechi 12 kati ya 20 ina asilimia 60. Ikitaka kumaliza msimu wa mechi 30 ikiwa na asilimia 70 inahitaji ushindi 21, maana yake ishinde tisa katika kumi zilizobaki. Hapo ndipo viongozi wa klabu wanapojidanganya. Wanaona 60 na 70 ni majirani, kumbe timu iliyokuwa ikishinda sita katika kila kumi inatakiwa sasa ishinde tisa.

Aidha, kutoka 60 hadi 70 ni pointi kumi za asilimia, si asilimia kumi. Waliowahi kukopa benki wanalijua hili kwa uchungu: riba ikitoka 15 ikafika 18 haijapanda kwa asilimia tatu, imepanda kwa asilimia 20.

Ugomvi unaanzia kwenye sare. Katika mpira wa kikapu hakuna sare, kwa hiyo hakuna mjadala. Katika soka sare ni nyingi, na kila mtu anaiweka pale inapomfaa. Tuchukue timu tatu za Ligi Kuu ya Uingereza ambazo kila moja ilishinda mechi 32 kati ya 38. Manchester City ya msimu wa 2017/18 ilitoka sare nne na kufungwa mbili. Manchester City hiyo hiyo mwaka uliofuata, 2018/19, ilitoka sare mbili na kufungwa nne. Liverpool ya 2019/20 ilitoka sare tatu na kufungwa tatu. Ukipiga hesabu ya ushindi mtupu, zote tatu zina asilimia 84.2, na mtu asiyejua atasema zililingana. Lakini ya kwanza ilikusanya pointi 100, ya pili 98 na ya tatu 99. Ukiihesabu sare kuwa nusu ya ushindi, unapata asilimia 89.5, 86.8 na 88.2. Ukigawanya pointi zilizopatikana kwa pointi 114 zilizokuwa zinagombewa, unapata 87.7, 86.0 na 86.8.

Basi timu hizo tatu zimetupa namba sita tofauti, na hakuna hata moja ya uongo. Anayetaka kukuuzia timu ya 2017/18 atakupa 89.5. Anayetaka kuishusha atakupa 84.2. Ndiyo maana tunasema mwuzaji aulizwe kwanza sare ameziweka wapi.

Wamarekani, kwenye mpira wao wa miguu unaochezwa zaidi kwa mikono, walibadilisha kanuni katikati ya safari. Kabla ya mwaka 1972 ligi yao kuu, NFL, ilikuwa inaziacha sare nje ya hesabu kabisa, kana kwamba mechi haikuchezwa. Kuanzia 1972 sare ikahesabiwa nusu ushindi na nusu kushindwa. Timu yenye ushindi 10, kufungwa mara tatu na sare moja ilikuwa na asilimia 76.9 kwa kanuni ya zamani, na ina 75.0 kwa kanuni ya sasa. Anayelinganisha timu ya mwaka 1965 na ya mwaka 1985 bila kurekebisha anafanya kosa lile lile la kulinganisha bei ya sukari ya miaka hiyo miwili bila kuangalia thamani ya shilingi.

Lipo pia neno "haijafungwa", ambalo mashabiki wanalipenda kuliko asilimia yenyewe. Perugia ya Italia ilimaliza msimu wa 1978/79 bila kupoteza hata mechi moja ya ligi kati ya 30. Ukisikia hivyo unadhani ilichukua ubingwa. La hasha. Ilishinda 11 na kutoka sare 19, yaani asilimia 36.7 ya ushindi, ikawa ya pili kwa pointi 41 nyuma ya Milan iliyofungwa mara tatu na kupata pointi 44. Hapo ushindi ulikuwa unalipwa pointi mbili tu. Uingereza ilihamia kwenye pointi tatu mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, na tangu hapo sare imekuwa bidhaa ya bei ya chini zaidi. Kwa kanuni hiyo Perugia ingeachwa pointi tisa badala ya tatu.

Hapa nyumbani Yanga ilikaa mechi 49 za ligi bila kufungwa hadi Ihefu ilipoipiga 2-1 tarehe 29 Novemba 2022. Tofauti na Perugia, Yanga ilichukua ubingwa wa 2021/22 katikati ya safari hiyo, na sifa hiyo haiwezi kufutwa. Lakini "mechi 49 bila kufungwa" na "mechi 49 za ushindi" ni kauli mbili tofauti, ingawa vijiweni zinatamkwa kwa pumzi moja.

Sasa tuje kwenye lile tuliloliweka juu ya makala. Oktoba na Novemba mwaka 2024 Ruud van Nistelrooy aliishika Manchester United kwa muda. Alisimamia mechi nne, akashinda tatu na kutoka sare moja. Asilimia yake ni 75. Sir Alex Ferguson alisimamia timu hiyo kuanzia Novemba 1986 hadi 2013, mechi 1,500, akashinda 895, akatoka sare 338 na kufungwa 267. Asilimia yake ni 59.7. Kwa karatasi ya asilimia peke yake, klabu ile iliishi miaka zaidi ya 26 na kocha wa chini kuliko yule wa wiki chache.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali hivyo, na sababu yake ndiyo kiini cha jambo lote. Mechi nne hazina uzito. Van Nistelrooy angefungwa mechi ya tano, asilimia yake ingeanguka kutoka 75 hadi 60 kwa jioni moja. Angefungwa na ya sita, ingekuwa 50. Ferguson, ili apoteze pointi moja tu ya asilimia yake, angelazimika kucheza mechi 26 mfululizo bila kushinda hata moja. Namba yake ni kama gunia lililojaa hadi juu: ukichota kikombe kimoja huoni tofauti. Ya mwenzake ni kibaba.

Tukumbushe pia kwamba Ferguson hakupata kombe lake la kwanza pale hadi mwaka 1990, alipotwaa Kombe la FA. Wenye klabu wetu wanaomfukuza kocha baada ya mechi sita wanadhani wamesoma takwimu. Walichosoma ni kibaba.

Suala linalofuata ni nani ulikuwa unashindana naye. Eliud Kipchoge wa Kenya, tangu mbio yake ya kwanza ya marathoni huko Hamburg mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2023, alikimbia mashindano 19 na kushinda 16. Ukigawanya utapata asilimia 84.2, namba ile ile ya Manchester City na Liverpool mpaka kwenye nukta. Je, ni ushindi wa aina moja? City ilikuwa na mpinzani mmoja kila Jumamosi. Kipchoge alikuwa anasimama kwenye mstari na kundi zima la wakimbiaji wa daraja la juu, na mshindi ni mmoja. Wakimbiaji kumi wakiwa na nguvu sawa kabisa, kila mmoja angetarajia kushinda mara moja katika kumi, asilimia 10. Kufika 84 kutoka kwenye 10 ni safari nyingine, haifanani na ya timu inayoanza ikiwa na mpinzani mmoja mbele yake.

Hata ya Kipchoge ina maswali yake. Hatukuhesabu mbio ya Monza ya 2017 wala ile ya Vienna ya 2019 aliyokimbia kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa sababu hayakuwa mashindano rasmi. Mwaka 2024 alimaliza wa 10 Tokyo, na kwenye Olimpiki ya Paris hakumaliza. Ukiihesabu Paris, ni ushindi 16 katika 21, asilimia 76.2. Ukiiacha kwa hoja kwamba hakumaliza, ni 16 katika 20, asilimia 80. Sisi tunaihesabu. Mwenye duka aliyefunga katikati ya mwezi hawezi kusema mwezi ule haukuwepo.

Kila mchezo una kiwango chake. Golden State Warriors walishinda mechi 73 kati ya 82 za msimu wa kawaida wa 2015/16 katika mpira wa kikapu wa Marekani, asilimia 89.0. Katika besiboli, Seattle Mariners ya mwaka 2001 ilishinda 116 kati ya 162, asilimia 71.6, na watu wa mchezo ule wanaitaja hadi leo kwa heshima. Chicago Cubs ya 1906 nayo ilishinda 116, lakini katika mechi 152, asilimia 76.3. Idadi ya ushindi ni moja, asilimia mbili. Na hakuna hata moja kati ya timu hizo tatu iliyotwaa ubingwa mwaka wake, jambo ambalo waandaaji wa matangazo huwa hawaliweki.

Tumefika sasa mahali ambapo fedha ya msomaji inahusika moja kwa moja, nako tutakaa kidogo.

Tuseme kuna mtu anayepatia mechi 80 katika kila 100. Anachagua timu kubwa zinazocheza na timu dhaifu, ambazo kampuni za kubashiri zinazilipa kwa bei ya 1.20. Mteja wake anaweka shilingi 1,000 kwa kila mechi, jumla shilingi 100,000. Mechi 80 zinarudisha shilingi 1,200 kila moja, jumla 96,000. Ameshinda asilimia 80 na amepoteza shilingi 4,000. Mwingine anapatia 40 tu katika 100, lakini anachagua mechi zenye bei ya 3.00. Zinarudi shilingi 120,000, faida 20,000. Wa kwanza atatangaza asilimia yake kwa herufi kubwa. Wa pili ataonekana mjinga vijiweni.

Kanuni ya kuliona hili ni fupi. Gawanya 100 kwa bei uliyopewa, utapata asilimia unayohitaji ili fedha yako irudi bila faida wala hasara. Bei ya 2.00 inahitaji 50. Bei ya 1.80 inahitaji 55.6. Bei ya 1.50 inahitaji 66.7. Bei ya 1.20 inahitaji 83.3, ndiyo maana yule wa 80 alianguka. Kampuni nayo haikupi bei ya haki, inakata chake humo humo. Marekani desturi ni mteja kuweka dola 110 ili apate faida ya dola 100, kwa hiyo hata kwenye shindano la nusu kwa nusu anatakiwa apatie asilimia 52.4 ili arudishe fedha yake. Hizo 2.4 za juu ndizo zinazolipa pango na mishahara ya upande wa pili wa dirisha.

Mkeka ni mbaya zaidi. Mtu akiwa na uwezo wa kweli wa kupatia asilimia 70 ya mechi moja moja, akaunganisha mechi tano, nafasi ya zote kuingia ni asilimia 16.8, karibu mara moja katika sita. Akiunganisha kumi ni asilimia 2.8. Kwenye simu utaletewa picha ya ule mmoja ulioingia. Ile mingine iliyochanika haipigwi picha.

Na hata aliyeshika asilimia ya kweli anaweza kufilisika kwa kiasi anachoweka. Tuchukue mtu mwenye mtaji wa shilingi 100,000, anayeshinda sita katika kumi kwa bei ya 2.00. Hiyo ni biashara nzuri, wengi wangeitamani. Kila mara akiweka nusu ya alichonacho, baada ya ushindi sita na kupoteza nne, kwa mpangilio wowote ule, atabakiwa na shilingi 71,191. Mwenzake mwenye asilimia ile ile, akiweka sehemu moja ya kumi tu kila mara, atakuwa na shilingi 116,232. Ushindi ni sita kwa sita. Mmoja yuko sokoni, mwingine anatafuta wa kumkopesha.

Wafanyabiashara wa mazao hawahitaji kubeti ili walielewe hili. Mtu anayeleta nyanya kutoka Ilula hadi Dar es Salaam akifanya safari kumi, nane zikampa faida ya shilingi 150,000 kila moja, atawaambia wenzake kwamba amefanikiwa kwa asilimia 80. Mbili zilizobaki gari likiharibika njiani na matenga kuoza, kila moja ikala shilingi 700,000, basi amepata 1,200,000 na kupoteza 1,400,000. Biashara imempeleka chini kwa shilingi 200,000 huku "akishinda". Ukimwuliza mtaji umekwenda wapi atasema ni ushuru.

Wapo watakaotujibu kwamba asilimia ni lugha ya haraka, na kwamba mwananchi hana muda wa kusoma majedwali. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Namba moja inabebeka, inakumbukwa, na inasaidia kulinganisha timu zilizocheza mechi tofauti, jambo ambalo idadi ya ushindi peke yake haiwezi. Lakini mbona msomaji huyo huyo kila Jumatatu anasoma msimamo wa ligi wenye safu za mechi, ushindi, sare, kufungwa, mabao na pointi, na anaukariri hadi kwa timu ya mkiani? Uwezo upo. Kinachokosekana ni wauzaji wa asilimia kulazimishwa kuweka safu hizo.

Tungependa kuona magazeti, likiwemo hili, yakikataa kuchapa asilimia ya kocha yeyote bila kuandika pembeni yake ameongoza mechi ngapi na sare zimehesabiwaje. Tungependa viongozi wa klabu wanaoajiri waombe rekodi nzima, nyumbani na ugenini, na wajumlishe mechi zenyewe badala ya kutafuta wastani wa asilimia mbili. Kocha aliyeshinda 9 kati ya 10 nyumbani na 2 kati ya 20 ugenini atakuambia wastani wake ni 50, yaani 90 na 10 gawanya kwa mbili. Ukweli ni 11 katika 30, asilimia 36.7, ile ile ya Perugia, ila yeye kafungwa.

Na kwa yule anayeuza mikeka kwa asilimia 90, msomaji amwombe orodha ya mechi zake 100 za mwisho, zikiwa zimeandikwa kabla ya kuchezwa, na bei ya kila moja kando yake. Kama bei hizo ni za 1.10, asihangaike kumlipa, kwa sababu 1.10 inahitaji asilimia 90.9.